Soma ardhi kabla ya kulaumu kichwa

Kwa miaka miwili ya mwanzo ya kucheza gofu niliamini kwamba ninaharibu mipira kwa sababu ninainua kichwa. Kila mpira uliotambaa kwenye nyasi na kila mpira ulioishia nusu ya safari ulifuatwa na sauti ya mtu mwema nyuma yangu ikisema, "Umeinua kichwa." Waliniambia hivyo wenzangu niliokuwa nikicheza nao uwanja wa Lugalo, Dar es Salaam, aliniambia hivyo mwalimu wa kwanza niliyemlipa, na mimi mwenyewe nikafikia hatua ya kuwaambia wanaoanza. Huu ni mwaka wa saba tangu nishike fimbo, handikapu yangu, yaani kipimo cha kiwango cha mchezaji ambacho kadiri kinavyopungua ndivyo anavyocheza vizuri, imeshuka kutoka 28 hadi 14, na ninaweza kusema bila kusita kwamba ushauri huo ulinichelewesha kuliko jambo lingine lolote.

Aliyenitoa huko alikuwa kedi, mzee aliyekwisha kubeba mifuko ya wachezaji kwa miaka mingi kabla mimi sijajua hata gofu inachezwa kwa mashimo mangapi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga aiani namba 7, mojawapo ya fimbo za chuma, mara kadhaa bila mpira hata mmoja kufika grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Akauweka mfuko chini, akachuchumaa, akaweka kidole kimoja mahali mpira ulipokuwa na kidole kingine mahali fimbo ilipochana nyasi. Kati ya vidole hivyo viwili palikuwa na upana wa kiganja kizima. "Mama, hebu njoo uone," akasema. "Mpira ulikuwa hapa, wewe umechimba huku nyuma. Kichwa kina kosa gani hapo? Uzito wako umebaki mguu wa kulia."

Nilikitazama kile kipande cha udongo kwa muda mrefu. Mpira unapokuwa chini kwenye nyasi, fimbo ya chuma inatakiwa iguse mpira kwanza, ndipo iguse ardhi, kwa kuwa sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo inapaswa kuwa mbele ya mpira kwa sentimita kadhaa. Ikiwa nyuma ya mpira, matokeo huwa mawili, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Ama fimbo inazama kwenye udongo na mpira unakufa palepale, ama inapita chini mapema, inaanza kupanda, na kuugonga mpira tumboni au kichwani, nao unabingirika. Mtazamaji ataliita kosa la kwanza kuchimba na la pili kuinua kichwa, atakupa dawa mbili tofauti, na huku ugonjwa ni mmoja.

Anayetaka ushahidi kwamba macho hayahitaji kugandishwa kwenye nyasi amtazame Annika Sörenstam, ambaye kichwa chake kilikuwa kinageuka kuelekea lengo pamoja na mwili hata kabla fimbo haijamaliza kuupiga mpira, na ambaye kwa swingi hiyohiyo, yaani namna hiyohiyo ya kuzungusha fimbo, alishinda mataji 72 ya LPGA, mashindano ya wanawake wa kulipwa, 10 kati yake yakiwa mashindano makubwa. David Duval, bingwa wa The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 2001, alifanya vivyo hivyo. Sisemi kila mtu awaige. Ninachosema ni kwamba kukilazimisha kichwa kibaki chini kunauzuia mwili usizunguke, uzito unakwama mguu wa nyuma, na mtu anaendelea kutenda kosa lilelile alilodhani analitibu.

Tangu siku hiyo zoezi langu la kwanza ni mstari. Ninachora mstari mfupi ardhini kwa tii, kile kijiti kidogo cha kuwekea mpira, ninasimama kana kwamba mpira uko juu ya mstari huo, na ninapiga bila mpira wowote, mara kumi au kumi na tano. Kisha ninakagua. Alama inayoanza kwenye mstari au mbele yake ni njema, inayoanza nyuma ni kazi ya kurekebisha. Wakati wa kiangazi, ardhi ya Dar es Salaam inapokauka na kuwa ngumu, alama huwa ni mkwaruzo wa vumbi tu, lakini unasomeka. Zoezi hili halina gharama, halihitaji mtu wa kukusifu, na linakupa jibu papo hapo. Baada ya miezi miwili ya mstari niliacha kabisa kuzungumzia kichwa changu.

Hilo lilitibu urefu wa mipira yangu. Upande wa kushoto na kulia ulikuwa mzigo mwingine, maana nilikuwa na slaisi, yaani mpira unaopinda kwenda kulia, iliyonipeleka kwenye miti ya upande huo karibu kila nilipotoa draiva, fimbo ya kupiga mbali zaidi, kwenye mfuko. Nilifanya kile ambacho kila mwenye slaisi hufanya: nililenga kushoto. Slaisi ikazidi. Nikalenga kushoto zaidi, nayo ikazidi zaidi, na sikupata wa kunieleza sababu hadi nilipojifunza jinsi mpira unavyopokea amri zake.

Mpira na uso wa fimbo hukutana kwa muda wa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo mfupi mno mpira haujui ulipandishaje mikono, haujui ulivyopendeza kwenye kamera. Kilicho muhimu kwake ni uso wa fimbo ulikotazama, njia ambayo kichwa cha fimbo kilikuwa kikipita, kasi yake, pembe ya kuteremka au kupanda, na sehemu ya uso iliyougusa. Mpira huanza safari karibu na upande ambao uso umetazama, na kwa draiva uso unachangia zaidi ya robo tatu ya mwelekeo huo wa mwanzo. Kisha unapinda kwa kuukimbia upande ambao fimbo inaelekea: kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, fimbo ikipita kuelekea kushoto huku uso ukitazama kulia zaidi ya njia hiyo, mpira utapinda kulia. Sasa fikiri nilichokuwa nikifanya. Kwa kulenga kushoto niliigeuza njia ya fimbo iende kushoto zaidi, huku mikono, kwa woga wa kuupeleka mpira huko, ikiuacha uso wazi, yaani ukitazama kulia. Pengo kati ya njia na uso likapanuka, na pengo hilo ndilo linalopindisha mpira.

Dawa yangu ilianzia kwenye mshiko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona wachezaji wa ridhaa tunaupita mshiko mbio kama jambo la watoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimeikamata fimbo katikati ya kiganja cha mkono wa kushoto, kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Ushahidi ulikuwa kwenye glavu zangu: zote zilitoboka mahali pamoja, kwenye shina la kiganja, kwa sababu fimbo ilikuwa ikiteleza na kusugua hapo kila nilipopiga. Fimbo inatakiwa ilale kwenye mizizi ya vidole, na shina la kiganja likae juu yake. Kisha niliuzungusha mkono wa kushoto kidogo kuelekea kulia, hadi nikitazama chini nione vifundo viwili na nusu vya vidole badala ya kimoja. Mengine ni hiari ya mtu. Kuna wanaolaza kidole kidogo cha mkono wa kulia juu ya mkono wa kushoto, mtindo unaobeba jina la Harry Vardon aliyeshinda The Open mara 6, na kuna wanaovifunganisha vidole kama Jack Nicklaus na Tiger Woods. Mimi vidole vyangu ni vifupi, navifunganisha.

Kwa majuma matatu mshiko mpya ulikuwa mgeni mikononi mwangu kiasi kwamba nilihisi nimeazima mikono ya mtu mwingine, na mipira ilienda kushoto badala ya kulia. Hapo ndipo wengi hurudi walikotoka. Ninawasihi wavumilie, kwa sababu mpira unaoanza kwenda kushoto baada ya miaka ya slaisi ni habari njema: uso wa fimbo umeanza kufunga, na njia itaanza kujirekebisha yenyewe, maana mwili hauna tena sababu ya kuvuta kuelekea kushoto.

Chombo kingine ninachokithamini ni chaki ya shuleni. Ninaipaka usoni mwa fimbo, ninapiga mpira mmoja, na duara la mpira linabaki limefutika mahali hasa ulipogusa. Mara ya kwanza nilishtuka kuona mapigo niliyoyaita mabaya kwa sababu ya swingi yalikuwa yamegusa karibu na kisigino cha fimbo. Mpira ukigusa pembeni, fimbo hujisokota mkononi na umbali unapungua hata kama mengine yote yalikuwa sawa. Nilikuwa nimesimama karibu mno na mpira. Nikasogea nyuma kidogo.

Huwa nasikitika ninapomwona mchezaji mwenzangu akijirekodi kwa simu na kusimamisha picha pale juu, mwisho wa kupandisha fimbo, ili ajilinganishe na wachezaji wa kulipwa. Jim Furyk hupandisha fimbo yake juu na nje, kisha huishusha kwa kuizungusha kwa namna ambayo hakuna mwalimu angeifundisha, na bado alishinda U.S. Open mwaka 2003, na mwaka 2016 alimaliza raundi moja ya PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa, kwa mikwaju 58 tu, na kwenye gofu mikwaju michache ndiyo bora. Inapofika kwenye mpira, fimbo yake iko pale inapotakiwa. Simu ina faida, lakini itumike kuchunguza kosa ambalo tayari ardhi, chaki na mpira vimekuonyesha.

Katika mazoezi nimeacha kupiga ndoo nzima kwa fimbo moja. Mipira 15 ya mwanzo ninaitumia kwa jambo moja ninalorekebisha, polepole. Baada ya hapo kila mpira ni fimbo nyingine na lengo lingine, na kabla ya kila mmoja ninarudi nyuma, ninachagua mti au bendera, na kusimama upya, kwa sababu uwanjani sitapata kamwe nafasi ya kupiga aiani namba 7 mara ishirini mahali pamoja. Siku za mazoezi ya aina hii mtu hujiona hafai, mipira haipendezi kama alipokuwa akirudia fimbo moja, lakini kinachojifunzwa hivyo hubaki. Watafiti wa namna mwili unavyojifunza wameliona hilo kwa miongo mingi, nami nimeliona kwenye kadi zangu za matokeo.

Kuhusu imani kwamba mchezo mzima uko kwenye grini, nina shaka nayo. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alipochambua mapigo mengi ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, aligundua kwamba tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida hutokana zaidi na mapigo marefu, hasa yale ya kuelekea grini, kuliko kusukuma mpira shimoni. Kadi zangu zinasema vivyo hivyo. Siku mbaya ni ile niliyopoteza mipira miwili kwenye miti na kuikosa grini kwa mita thelathini mara kwa mara. Mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020 huchukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, na hiyo ni haki kwa mashindano, lakini mimi nazisoma zaidi zile 12 zilizoachwa, kwa kuwa humo ndimo mikwaju yangu inapopotelea.

Upepo nao unahitaji kutajwa, hasa kwetu sisi wa pwani. Unapopiga dhidi ya kusi ya alasiri, kuongeza nguvu ni kosa, kwa sababu nguvu huongeza mzunguko wa mpira, nao hupanda juu na kuning'inia hadi upepo uurudishe. Chukua fimbo ndefu zaidi, shika chini kidogo, piga kwa utulivu. Na ukialikwa Arusha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, kumbuka hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali zaidi. Mimi huteremka fimbo moja huko, yaani huchukua iliyo fupi zaidi, na bado siku ya kwanza huwa nazipita grini.

Kwa sasa kazi yangu ni draiva, nayo inageuza somo la mzee yule juu chini, kwa sababu mpira umeinuliwa kwenye tii na fimbo inatakiwa iguse mpira ikiwa imeshapita chini na kuanza kupanda. Ardhi haiwezi kuniambia kitu, maana fimbo haiigusi. Kwa hiyo naweka boksi tupu la mipira mbele ya tii, hatua fupi tu kuelekea lengo, na najaribu kupiga mpira bila kuligusa boksi. Jumamosi iliyopita nililigonga mara nne katika mapigo kumi, na zote nne zilikuwa zile nilizotaka kupiga mbali zaidi.