Buti za Aldabra

Enzi zangu za ubaharia niliajiriwa kwenye meli ndogo ya watalii iliyosafiri kutoka Zanzibar hadi Mahé. Kituo kilichotutoa jasho kuliko vyote kilikuwa Aldabra, visiwa vya nje kabisa vya Shelisheli. Huko hakuna hoteli. Wageni hulala melini, hushushwa kwa boti za mpira, na chochote watakachovaa nchi kavu hukaguliwa kwanza, kisije kikaingiza mbegu za kigeni.

Usiku wa kuamkia kufika tulijipanga ukumbini na brashi, vibano na mashine ya kuvuta vumbi. Wengi walikuwa wametokea Serengeti, na matope ya huko yalikuwa bado kwenye buti. Tulichokonoa soli, tukapindua mifuko nje ndani. Mwenzangu Mpemba akaninong'oneza, "Shekhe, kwetu hata bi harusi hasuguliwi nyayo hivi!"

Nikacheka, kumbe soksi niliyoshika, ya mzee mmoja Mjerumani, imejaa vishona nguo. Mwenyewe akaona tunatia chumvi: vimbegu hivi tu? Kiongozi wa msafara akamsimulia habari za yule ndege asiyeruka wa Aldabra, wa mwisho wa namna yake katika Bahari ya Hindi. Paka walioletwa na watu walimfyeka kisiwani Picard, kimojawapo cha visiwa vya Aldabra, ikabidi mwaka 1999 waletwe wengine kutoka Malabar, kisiwa kingine cha hukohuko. Mzee akavua na soksi za miguuni, akaziweka mezani.

Asubuhi, pale Picard, ndege huyohuyo alichomoza kichakani akaanza kudonoa kamba za viatu vya wageni. Hana woga hata chembe, na hapo nilielewa paka walivyopata kazi rahisi. Kobe wakubwa nao, ambao Aldabra nzima wanakadiriwa kufika laki moja, walikuwa wamejilaza kivulini wala hawakutushughulikia.

Kilichoniudhi ni ndara. Sisi tumesugua usiku kucha, bahari inazileta bila kukaguliwa na mtu. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walizoa huko tani 25 za plastiki, nyingi zikiwa nyavu na kamba za wavuvi, na bado wakaacha nyingi zaidi. Hata hivyo ndara huokotwa. Gugu likishaota kwenye miamba ile ya matumbawe, yenye ncha kama wembe, nani ataling'oa?

Mama mmoja akasema kwa fahari kwamba bila pesa za wageni wa meli kisiwa kingekwisha. Mlinzi wa hifadhi, kijana wa Shelisheli, akamjibu kwa adabu kuwa ada zao zinasaidia, ila kwa miaka mingi mzigo mkubwa umebebwa na viingilio vya Vallée de Mai, msitu wa michikichi ya coco de mer kule kisiwa cha Praslin. Nikampenda hapohapo. Moshi wa meli yetu hakuugusia, nami, mla mshahara wa meli hiyohiyo, sikumkumbusha.