Kutembea kwa Nani?

"Mjomba, kesho nataka nikatembee msituni."

"Kutembea kwa nani?"

Nikacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Kwa Kiswahili cha Rutamba, kijijini kwetu huku Lindi, kutembea ni kwenda kwa mtu. Unapiga hodi, unakaribishwa, unakula, unasindikizwa. Sasa ndani ya msitu wetu wa Litipo anakaa nani? Komba, ngedere na sange, na Mjomba hadaiwi na yeyote kati yao kwenda kumjulia hali.

Nimekuja likizo ya wiki tatu kutoka Hamilton, Kanada. Siku ya nne nilikuwa nimechoka kukaa kwenye mkeka nikiulizwa Wazungu wanakula nini asubuhi. Huko nimezoea kuzunguka msituni kila nikitoka zamu ya usiku, na mwili ulianza kudai.

Karibu na ninapokaa kuna eneo la hifadhi lenye njia ya mzunguko, kilomita 2 na ushee. Unaegesha gari, unalipia maegesho (ndiyo, unalipa kuacha gari porini), unatazama ramani kwenye ubao, unaingia. Miti imepakwa mistari ya rangi: mstari mmoja, endelea, miwili iliyopishana, njia inakata kona. Hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho, na penye tope wamelaza mbao. Baada ya dakika 40 unatokea palepale ulipoacha gari, mikono mitupu.

Hiyo mikono mitupu ndiyo iliyonitesa mwaka wa kwanza. Mwenzangu wa kazini aliponipeleka, nilitembea macho chini, kulia, kushoto, kama mtu aliyelelewa kuokota: kuni, uyoga, matunda. Tulipofika mwisho nikaona kama nimeharibu asubuhi nzima. Niliipenda njia ile polepole sana. Mwezi Mei, kabla miti ya mepo haijafunga majani, chini kote kunakuwa kweupe kwa maua ya trilium, ua la petali tatu ambalo ni nembo ya Ontario tangu 1937. Wakati wa baridi kuna kindege chenye kofia nyeusi kinachotua kiganjani ukikinyooshea mbegu za alizeti. Kina uzito kama wa karatasi, na kucha zake ni za baridi.

Mjomba alitaka kujua nani mwenye msitu huo. Nikamweleza kwamba sheria ya hifadhi za namna hii ilitungwa 1946, ila kilichozipa nguvu ni maafa. Oktoba 1954 kimbunga Hazel kilipiga Ontario, mito ikafurika, wakafa watu 81. Baada ya hapo mamlaka za hifadhi zikaanza kununua ardhi ya mabonde ili watu wasijenge tena kando ya maji.

"1954? Sisi chetu kilitangulia," akasema, kama mtu anayeshindania zamu kisimani. Kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952 alikisikia kwa mama yake. Vimbunga havikumshangaza, mwaka 2019 tu watu wa Mtwara walihamishwa majumbani kwa hofu ya Kenneth. Lililomshangaza ni serikali kununua msitu, kisha watu wakaingia na kutoka bila hata mpini wa jembe.

Lakini akakubali. Alipita kwanza kuomba ruhusa, maana Litipo ni msitu wa hifadhi, na saa kumi alasiri tukatoka. Yeye na panga lake, mimi na soksi zangu nimezivuta juu ya suruali. Huko Kanada hivyo ndivyo tunavyojikinga na kupe, kwa sababu wa kule wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Mjomba alizitazama soksi, akameza maneno.

Ni Agosti, mikorosho ina maua, na hewa imechanganya harufu yake tamu na ile ya salfa wanayopulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Hatujafika mbali, mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli. Salamu zikaenda, zikarudi, kisha: "Mnaelekea wapi?"

"Kuna mbuzi wetu kapotea," Mjomba akajibu.

Tulipoachana naye nikamkazia macho. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba tunazunguka?" Na kweli, huku anayezunguka ni asiye na kazi, au aliyezungushwa ofisini.

Mbele, kwenye mashamba yaliyolazwa, wanawake watatu walikuwa wanachimba ming'oko, vile viazi vya porini. Nikachuchumaa nitazame. Mmoja alikamata kijikamba kikavu, kimekonda kama uzi, akakifuata kwa vidole mpaka kilipozama mchangani. Akachimba kwa muo pembeni, si juu yake, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Vikatoka vizizi virefu kama vidole, vyekundu kwa udongo. Kichwa cha mzizi akakirudisha shimoni, akafukia. Kisha akauliza mbuzi wetu ana rangi gani.

"Mweusi," akasema Mjomba bila kusita, "mguu mmoja mweupe."

Tukapewa ming'oko ya kumliwaza mwenye mbuzi.

Tulifuata njia ya mpakani mwa msitu. Baridi ya kivuli ilinipiga usoni ghafla, kama umefunua mtungi wa maji. Mjomba alinionyesha kisiki cha mvule na shimo la wapasua mbao wa zamani, sasa limejaa majani. Akaniambia kuhusu komba wanaolia usiku. Humo yumo komba mdogo wa Rondo, gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, ambaye wanasayansi walimpa jina miaka ya 1990 tu. Mjomba amemsikia maisha yake yote bila kumwona. Ghafla majani makavu yakachakarika, sange akapita na pua yake ndefu, akatoweka. Nikageuka kumfuata kwa macho, na mkono wangu ukapangusa mti uliovikwa upupu.

Mnaoujua upupu sina haja ya kuwaeleza. Miaka 11 nimekwepa ule mmea wa Kanada wa majani matatu unaobabua ngozi. Watoto kule wanafundishwa kuhesabu majani kabla ya kugusa. Upupu nao una majani matatu, nami sikuhesabu.

"Usijikune! Usitie maji!" Mjomba alinikimbiza hadi nyumba ya kwanza tuliyoikuta, wakaniletea majivu ya jikoni. Nikasuguliwa mpaka kwapani huku watoto wakitazama soksi zangu. Mwenye nyumba akauliza kilichotupeleka huko, na Mjomba akamtaja mbuzi tena, safari hii kwa huzuni kidogo.

Magharibi tukawa barazani, mkono wangu mweupe kwa majivu, ming'oko imetokota, chumvi na pilipili ziko kwenye kisahani. Kijana akapiga hodi. Nyuma yake, kwenye kamba, mbuzi. Mweusi, mguu mmoja mweupe.

"Mzee, tumempata. Alikuwa kule bondeni."

Mjomba alinitazama mimi, akamtazama mbuzi. Mkazamjomba akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mbuzi wa nani huyo?"