Boga la Nyuma ya Nyumba

Nyuma ya nyumba palikuwa na kichochoro kilichobanwa kati ya ukuta wa jikoni na ukuta wa uzio. Mafundi waliojenga walikuwa wamemwaga hapo kila wasichokihitaji: vipande vya matofali, saruji iliyoganda ndani ya mifuko, misumari iliyopinda. Jua lilifika kwenye saa tano na kuondoka kabla ya saa tisa.

"Hapo hata magugu yamekata tamaa," mjomba aliniambia aliponiona na jembe.

Jembe liligonga na kuruka. Nikachukua mtaimbo, nikachimba shimo moja tu la kufika magotini, nikatoa kifusi kwa mikono na kulijaza mboji na samadi iliyooza. Kulima kichochoro kizima ingekuwa kujichosha bure. Boga halidai shamba, linadai shina lake likae pazuri, mengine litajitafutia lenyewe.

Miche ikaota, nikabakiza mmoja wenye nguvu. Ukarefuka kwa haraka iliyonitia shaka, shina jembamba, majani yakiachana sana, kila kitu kikiinamia kwenye mwanga. Nikaegemeza ngazi kuukuu ya mbao ukutani na kuuelekeza juu. Vikono vyake vilijisokota kwenye vipago kama waya wa simu ya mezani. Hukubandua kimoja bila kukikata. Majani ya chini yalishikwa na ukungu mweupe nikayaondoa. Udongo mbovu hutibika kwa samadi, lakini kivuli hakina dawa.

Yakaja maua. Madume kwanza, tele, mpaka mjomba akaanza maneno. Kisha majike, kila moja likiwa na kiboga kidogo cha ukubwa wa gololi chini ya petali. Yalifunguka, yakasinyaa, viboga vikageuka njano na kudondoka. Nyuki walikuwepo, lakini upande wa mbele, kwenye jua la asubuhi. Kichochoroni, mwanga ulipofika, maua yalikuwa tayari yanafumba, maana ua la boga hufunguka alfajiri na kumaliza kazi yake kabla ya adhuhuri.

Jioni moja nikaona tumba jike, pale ngazini, ncha yake imeanza unjano. Kesho yake nikaamka mapema nikamwamsha mjomba, kwa sababu ngazi ile haikuwa ya kuaminika. Nikachuma ua dume lililofunguka, nikanyofoa petali zote kikabaki kijiti cha katikati. Kilipaka vidole vyangu unga wa njano. Nikapanda, nikakizungusha taratibu ndani ya ua jike, kwenye vile vinundu vinavyonata, nikihakikisha kila kimoja kimepata chavua. Kwa usalama nikatumia dume la pili.

"Unafungisha ndoa?" mjomba akauliza kutoka chini.

"Ndiyo, mjomba. Na wewe ndiye shahidi, shika ngazi."

Kiboga hicho hakikugeuka njano. Kikonyo kikanenepa, tunda likavimba na kuinama, nikalifungia kitenge chakavu chini lisivute mmea. Niliacha mpaka kikonyo kikauke kama gome na ukucha ushindwe kutoboa ganda, ndipo nikalikata na kipande cha kikonyo juu yake.

Aliyelibeba kuliingiza ndani ni mjomba. Kila mgeni aliyeuliza aliambiwa kwamba ni boga lake, kwani bila yeye kushika ngazi nani angepanda?