Protrakta Chini ya Datsun

Binti yangu kanunuliwa seti mpya ya hesabu. Akatoa protrakta, akaigeuza-geuza, akaniuliza, "Baba, ukishamaliza shule hii inakufaa nini?" Nikacheka peke yangu. Mara ya kwanza kuiona ikifanya kazi ya maana ilikuwa Grogan, barabara ya mafundi wa magari Nairobi. Najua, siku hizi inaitwa Kirinyaga, lakini kwa wenye magari mabovu bado ni Grogan.

Mjomba alikuwa akileta kabichi soko la Marikiti kutoka Kinangop kwa ile Datsun 1200 yake, pikapu. Akachoka kuona nyuma imelala, akaenda kuwekewa vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Gari likainuka kweli. Ila likifika kilomita 70 kwa saa, mtetemo ulianza chini ya kiti ukapanda hadi kwenye meno. Tairi zikabalansiwa, krosi, yaani viungo vya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya giaboksi nyuma, zikabadilishwa, wapi!

Fundi mzee wa Grogan alikataa hata jeki. "Ukiinua gari ekseli inaning'inia, na pembe utakayosoma ni ya uongo." Likawekwa juu ya shimo, limesimama kwa magurudumu yake. Akaniona na mkoba wa shule. "Kijana, una protrakta?"

Alipitisha uzi kwenye kitundu cha katikati, akafunga nati mwisho wake. Ukingo ulionyooka akaubana juu, ukigusa tumbo la propela. Nati ikayumba. Tulisubiri. Matatu ikapita nje ikipiga honi, shimo zima likatetemeka, nati ikaanza upya. Ilipotulia akaniambia, "Soma wewe, macho yangu yameisha."

"Themanini na tatu."

"Tisini ndiyo imelala kabisa. Kwa hivyo inashuka saba."

Giaboksi ilishuka digrii 4. Pinioni, ile pua ya difu inayopokea propela kwenye ekseli ya nyuma, ilikuwa 0, imelala kabisa, maana vile vyuma vilikatwa upande. Akapiga hesabu kwa chaki ukutani: krosi ya mbele inapinda 3, ya nyuma inapinda 7. Krosi iliyopinda haizungushi sawasawa; kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Zikipinda sawa, kosa la mbele linafutwa na la nyuma. Zisipolingana, mtetemo unabaki na wewe ndani. Mjomba akauliza kwa nini basi asizinyooshe zote. Mzee akatikisa kichwa: krosi isiyopinda hata kidogo, vijiti vya beringi yake vinakaa mahali pamoja hadi vichimbe chuma.

Akachonga kabari mbili za digrii 3 za kuinua pinioni. Zingekuwa 4 ili pinioni iwe sambamba na giaboksi, lakini aliacha 1 makusudi: ukikanyaga mafuta, springi zinajisokota na pua ya difu inapanda yenyewe.

Kabla ya kukaza nati za mwisho aliuliza, "Mnabeba kilo ngapi?"

"Kama nusu tani hivi," Mjomba akasema. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Jioni hiyo tulipanda Thika Road, gari kimya kabisa. Lakini siku za soko, kabichi zikipita paa la kebini na uzito ukiipita ile nusu tani, mtetemo ulirudi kidogo, na Mjomba akaapa kwamba yule mzee alimtapeli. Sikusema kitu. Mpwa hamsahihishi mjomba wake mbele ya tanboi.