Saida ya harusi na ubishi wa gesi

Mwaka 2019 nilikuwa naishi Hereford, Uingereza, na kama hujafika huko jua tu kwamba ule ndio mkoa wa saida, yaani pombe ya maepo, kampuni kubwa ya saida ya Bulmers yenyewe ilianzia pale 1887, ikifika mwezi wa kumi maepo yanaanguka mpaka yanaozea chini. Mzee jirani yangu alikuwa na miti nyuma ya nyumba, akaniruhusu niokote, na mashine yake ya kukamulia akaniazima. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa Reading, wiki ya Krismasi, na nilishaahidi kinywaji cha meza kuu natengeneza mimi.

Vifaa havikunisumbua. Yale machupa makubwa ya kioo ya lita 4.5 wazee wengi walishaacha kuyatumia, nikayapata duka la mitumba kwa bei ya kutupa. Vidonge vya Campden vya kuua vijidudu, hamira ya shampeni na vile vifuniko vya plastiki vinavyowekwa maji ili gesi itoke hewa isiingie nilinunua duka la Wilko, enzi hizo bado ipo, kabla haijafilisika 2023. Maji ya maepo yalipopungua nikaongezea juisi ya boksi, ila hapo lazima usome lebo vizuri, ikiwa na potasiamu sobeti iache, maana inaizuia hamira isizaliane na utakaa unasubiri mpaka uchoke.

Sasa kwenye gesi ndio ukaanza ubishi. Mzee alitaka isiwe na gesi kabisa, kwao saida ya shamba inanyweka hivyohivyo, imetulia. Shemeji yangu naye kila jioni ananipigia, "Shem, tafuta kegi, lile pipa la chuma la bia, na mtungi wa gesi, unafunga leo, baada ya siku chache unamimina, tena haina machicha." Na kwa kweli alikuwa na hoja, kwenye kegi unaweza kuua nguvu ya hamira kwanza halafu ukaongeza utamu, wakati kwenye chupa sukari yoyote unayoweka inaliwa. Lakini kegi, mtungi na regyuleta ya kupunguza presha ya gesi ni hela ndefu kwa shughuli ya siku moja, na kuvisafirisha mpaka Reading kwa treni nani abebe?

Nikaamua gesi ijitengeneze ndani ya chupa. Kwanza nilisubiri haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, ishuke mpaka 1.000, nikaiacha siku kadhaa nikapima tena, haikusogea, maana ukifunga chupa wakati hamira bado inakula sukari ya mwanzo hiyo chupa inapasuka. Halafu sukari gramu 6 kwa kila lita, nikaikoroga kwenye maji ya moto kidogo, nikaimwaga chini ya ndoo safi na kuivutia saida juu yake kwa mpira, polepole isipige povu, ikajichanganya yenyewe. Chupa za mvinyo wa kawaida sikuzigusa, hazihimili presha. Nilitumia za bia zenye kizibo cha waya, na moja ya soda ya plastiki.

Hiyo ya plastiki ndiyo ilikuwa kipimo changu. Unaijaza, unaiminya hewa yote itoke, unafunga ikiwa imebonyea, unaiweka na wenzake sehemu yenye joto. Kila nikitoka kazini naibonyeza kwa kidole gumba, mwanzoni inaingia ndani kirahisi, wiki ya pili ikawa ngumu kama soda mpya ya dukani, nikajua na za kioo zimefika, zote nikazihamishia kwenye baridi.

Siku ya harusi machicha yalikuwa yameganda chini, unamimina kwa kuinamisha glasi na tone la mwisho unaliacha. Povu jeupe, dogodogo, na ukali wa epo unaupata puani kabla hujanywa, nilifurahi mno. Kwa wapenda utamu tuliandaa juisi ya kuchanganyia pale pale kwenye glasi, na shem mwenyewe wa kegi ndiye aliyeshika jagi, anapita meza hadi meza anawauliza watu, "Nikuongezee?"