Visu viwili chini ya mivinje

Desemba 2017 mimi na mke wangu tulivuka na pantoni ya Magogoni, Dar es Salaam, shilingi 200 kila mmoja, hema begani na visu viwili. Wenzangu huwapeleka wake zao Kigamboni kula pweza. Mimi nilimpeleka wangu kupima visu.

Changu kilitoka Sweden: chuma cha kaboni, bapa la sentimita 10 hivi, jembamba, mpini wa plastiki. Chake alikitengenezesha kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, kwa springi ya lori. Alisimama palepale mpaka fundi akakitumbukiza cha moto kwenye oili chafu, kikalia chwaa. Nilikiita panga la mtoto.

Tulianza na maranda ya kuwashia moto. Changu kiliteleza kwenye kijiti, maranda yakajikunja membamba bila kudondoka. Chake kilikuwa kinatafuna tu. Nikaanza kutamba.

Basi tukaingia kwenye kuni. Mvinje mkavu si mti wa masihara. Niliweka kisu juu ya pande la gogo, nikagonga mgongo wake kwa rungu. Kikazama nusu, kikang'ang'ania. Nikagonga ncha iliyochomoza, kwa hasira sasa, mpini ukatoa mlio mkavu.

"Baba watoto, hicho si cha kumenyea maembe?"

Akachonga kabari, akaipigilia kwenye ufa, kisu changu kikalegea chenyewe. Kisha akaweka chake. Mapigo matatu, gogo likaachana.

Kwenye samaki aina ya changu tulionunua kwa wavuvi nilirudisha heshima kidogo: magamba, matumbo, mpaka minofu, safi kabisa. Nikakisuuza baharini, nikakirudisha kwenye ala kikiwa kibichi, nikalala. Ujinga ule mpaka leo siuelewi, maana nimezaliwa pwani, chumvi naijua.

Asubuhi kilitoka kwa kuvutwa. Bapa zima lilikuwa na madoa ya kutu, rangi ya achari ya embe. Chake nacho ni chuma cha kaboni, kingeshika kutu vilevile. Ila jana usiku, alipomaliza kujipaka mafuta ya nazi miguuni, alikipangusa kwa mkono uleule.

Nikakaa kwenye mchanga, nasugua kwa limau na majivu. Alinitazama kidogo, kisha akanisogezea kichupa cha mafuta.

"Na mpini uuangalie," akasema. "Umeanza kucheza."