Nilivyoupata mlio wa mbele kwenye Corolla yangu na kuutengeneza nyumbani

Gari likianza kugonga mbele hapa Dar, jibu unalopewa karibu kila gereji ni shokapu. Mimi pia niliambiwa hivyo. Fundi alibonyeza boneti mara moja, akasema, "Bosi, shokapu zote mbili zimekufa, na wishboni tubadilishe kabisa," yaani ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu kwa chini. Nikamuuliza, "Sawa fundi, lakini ni kiungo gani hasa kinachocheza?" Akarudia maneno yale yale. Sikuona kilichopimwa, nikarudi na gari nyumbani Kimara.

Gari ni Toyota Corolla 110. Kabla ya kushika spana nililisikiliza njiani. Kwenye rasta, vile vituta vidogo vilivyofuatana, mlio ulikuwa wa haraka, ko-ko-ko, upande wa kushoto. Kwenye tuta pana, magurudumu mawili ya mbele yakipanda pamoja, kimya. Hapo nikazishuku linki za stabilaiza. Stabilaiza ni fito inayounganisha kushoto na kulia, na linki zake hufanya kazi hasa gurudumu moja linapopanda peke yake. Tena, kwenye Morogoro Road gari lilitangatanga, usukani ukitaka kurekebishwa kila mara. Shokapu iliyokufa huliacha gari likiendelea kudunda baada ya shimo, na langu lilitulia papo hapo.

Kipimo cha kwanza kilifanyika gari likiwa chini kwa matairi yote manne. Mdogo wangu alikaa kwenye usukani akauchezesha kidogo tu, kushoto na kulia, nami nikaweka vidole kwenye kila kiungo kwa zamu. Kiungo kizima, pande zake mbili huondoka pamoja. Kilichochoka, upande mmoja huanza na mwingine huchelewa, na vidole huhisi kagongo kadogo. Tairodi endi ya kushoto, kiungo cha mwisho cha fimbo inayogeuza gurudumu usukani ukizungushwa, ilikuwa hivyo. Mpira wake ulikuwa umechanika, grisi imegeuka tope jeusi. Sikushangaa kuwa ni kushoto. Sisi huendesha upande huo wa barabara, na gurudumu la kushoto ndilo linaloangukia pale lami ilipomeguka pembeni.

Halafu nikapandisha. Handibreki, mawe kwenye matairi ya nyuma, jeki, kisha stendi chini ya chasisi. Tafadhali, usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Nikalishika tairi kushoto na kulia na kulitikisa: likacheza. Nikaibana ile buti ndefu ya mpira kwenye raki, mtambo wa usukani, ili nihisi raki endi ndani yake, yaani kiungo cha upande wa ndani wa fimbo ile ile, nayo ilikuwa imetulia. Nikashika juu na chini: hakuna kitu. Kama lingecheza hapo, ningemwomba mdogo wangu akanyage breki. Mchezo ukipotea breki ikishikwa, shida ni beringi ya habu, kitovu kinachobeba gurudumu. Ukibaki, itazame boljointi, kiungo kinachounganisha wishboni na gurudumu.

Boljointi niliipa muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu ikichomoka tairi hulala nje na gari hukaa chini barabarani. Kwenye Corolla hii springi imekaa juu ya shokapu, kwa hiyo gurudumu likining'inia boljointi haibebi uzito wa gari, na hapo ndipo inapopimika. Niliingiza mtaimbo kati ya wishboni na mkono wa habu, nikainua na kushusha. Zote mbili zilikuwa ngumu.

Linki za stabilaiza zina ujanja wake. Gurudumu moja likining'inia, stabilaiza hujikunja na kuivuta linki, na linki mbovu huonekana nzima. Nilishusha gari, magurudumu yakawa sawa, nikaitikisa ya kushoto kwa mkono. Ikalia palepale.

Kariakoo nilinunua tairodi endi na linki kwa pande zote mbili. Dukani nilizungusha mpira wa kila kiungo kwa vidole. Kipya kinapaswa kuwa kizito na laini. Vilivyolegea niliviacha juu ya kaunta, hata boksi lake lingekuwa zuri vipi.

Kazi yenyewe inataka subira zaidi ya nguvu. Jioni moja kabla nilipaka mafuta ya kulegeza kutu. Siku ya kazi nikaweka alama ya rangi kwenye nyuzi za tairodi, nikalegeza nati ya kuzuia, nikachomoa pini, nikafungua nati kubwa bila kuitoa yote, ili tairodi isiniangukie. Kisha nyundo kwenye ubavu wa tundu ilimokaa ile ncha iliyochongoka ya tairodi endi, kamwe si kwenye nyuzi zake. Chuma cha tundu kikishtuka, ncha huachia yenyewe. Ya zamani niliifungua nikihesabu mizunguko, mpya ikaingia kwa hesabu ile ile. Nati niliikaza kwa toki renchi kwa nyutoni mita 49, na tundu la pini lilipokataa kulingana niliongeza kukaza kidogo. Kulegeza ili pini ipite ni hatari. Pini nayo iwe mpya. Linki moja ilizunguka na nati yake kwa kutu, ikabidi niikate kwa msumeno wa chuma. Nati za tairi nilizikaza kwa nyutoni mita 103, kwa kukingamisha.

Hesabu ya mizunguko inakufikisha tu kwenye mashine ya alaimenti, inayopima mwelekeo wa magurudumu, basi. Nilikwenda polepole siku iyo hiyo, na vipimo vya mbele vikarekebishwa. Rasta sasa napita bila mlio, na usukani unakaa ulipoachwa. Shokapu ni zile zile zilizosemwa zimekufa. Kilichobaki ni boljointi ya kulia: haichezi, lakini mpira wake umeanza kupasuka, kwa hiyo nitaibadilisha kabla ya masika.